Harusi ya Wijdan na Ukurasa Mwekundu

"Wanne," alisema Bi Miza. "Mji mzima huu, Mwanamkasi, wanne."

"Nimesikia, mwenzangu."

"Hujasikia. Ungesikia usingekuwa umekaa hapo unachambua mchele."

Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, baibui limemkaa upande, simu ameikamata kama kisu. Huyu ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Akipiga chafya kwake, mimi humwombea afya huku kwangu. Leo hata hodi hakupiga.

"Hebu wataje hao wanne waliojibu mwaliko," akasema. "Wataje, watu wasikie."

Watu walikuwa wanasikia tayari. Ng'ambo ya kichochoro, Samia muuza vitumbua alikuwa amesahau kugeuza, vinaungua.

"Khamis dalali," nikataja.

"Khamis dalali. Aliyeuza kiwanja kimoja cha Mapinga kwa wateja wawili, akawapeleka wote kukiona siku moja. Huyo ndiye mgeni rasmi wa harusi ya mwanangu. Wengine?"

"Vijana watatu waliosoma na Wijdan, Dar."

"Wameandika nini? Soma."

"Mmoja ameandika 'Tupo'. Mmoja 'Poa'."

"Na wa tatu?"

"Ameweka kidole gumba."

Bi Miza akaigeukia njia yote. "Kidole gumba. Nimemlea mtoto peke yangu tangu baba yake afariki, nimefika siku ya kumtoa, majirani zangu wamekaa kimya, ila mtu mmoja asiyejulikana ameniletea kidole gumba."

"Mtandao haujakukataa wewe," nikajitetea. "Labda watu wenyewe..."

Nikanyamaza, lakini nimeshachelewa.

"Malizia," akasema taratibu. "Labda watu wenyewe wamenikataa. Malizia, Mwanamkasi."

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana kwa kuwa lilifungiwa samaki, sogea nikuweke sawa. Mimi ni yule Mwanamkasi wa kukodisha maturubai na masufuria ya shughuli, ambaye masika yaliondoka na turubai kubwa, na mume akaondoka na lile dogo. Nilipobaki na masufuria nikafungua tovuti. Mwenye shughuli ananipa namba za waalikwa, mimi nawatumia kiungo kwenye simu, kila mtu anafungua na kuandika kama atakuja, mwenye shughuli anajua ateleke wali kiasi gani. Basi wahuni wa mtandaoni wakaivamia. Familia moja yenye heshima zake ilifungua tangazo la khitma ya mzee wao ikakuta matangazo ya kamari, na mwanamke aliyevaa nusu nguo anawakaribisha wabashiri. Nilitukanwa kuanzia Dunda mpaka Kaole.

Ndipo akaja Najim.

Najim ni mtoto wa kaka yangu wa Ubena, siku hizi amepanga Kaole. Ana mke, ana kipara kinachoanza, na ana cheti cha kompyuta kutoka Dar ambacho nadhani hulala nacho. Aliitazama tovuti yangu kama daktari anavyotazama kidonda kilichopakwa mavi ya ng'ombe. Akasema, "Shangazi, hapa hapana ulinzi." Akaweka kiprogramu cha kulinda, mafundi wanakiita plagini, yeye mwenyewe akakiita Mlinzi. Kisha akakijaribu mbele yangu: akaandika neno moja tu, "jaribio", likapita, akafunga kompyuta, akala, akaondoka.

Shughuli ya kwanza chini ya huyo Mlinzi ni hii ya Wijdan, binti wa Bi Miza, anayeolewa na Adil wa Mapinga.

Na ukimya huu ulimchoma Bi Miza mahali pabaya. Alikuwa Maskati miaka miwili akimuuguza dada yake. Katika miaka hiyo watu walizika hapa mjini na yeye hakuonekana. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba kutoa pole, na kuna waliompokea kwa meno ya mbele tu. Alikuwa anangoja malipo yake. Sasa akaona ameyapata.

"Alasiri anakuja Bi Shamsia, shangazi yake Adil," akaniambia. "Anakuja kusikia shughuli yetu ikoje. Nitamwambia tunaihamishia Dar, kwa kaka yangu Saleh. Ukumbi, watu wachache, wasionijua wala kunidai misiba yao."

"Mama, mimi siolewi Dar."

Alikuwa Wijdan, amesimama nyuma ya mama yake, nywele zimepakwa mafuta na kufungwa.

"Utaolewa nitakapokuozesha."

"Bibi hawezi kusafiri. Hainuki kitandani, lakini dirisha lake liko uani kwetu. Anataka asikie. Mkihamisha mtaniozesha mahali ambapo yeye hayupo."

Mimi nikaweka ungo chini nikampigia Najim.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Watu hawajibu mialiko, Najim. Tovuti ina nini?"

"Tovuti iko salama kabisa."

"Sikukuuliza usalama. Nimekuuliza watu."

"Shangazi, wiki hii peke yake Mlinzi amezima mashambulizi zaidi ya mia mbili." Sauti imejaa, kama yeye ndiye aliyeshika mkuki. "Roboti hao. Wa ng'ambo."

"Roboti wa ng'ambo wanatafuta nini kwenye harusi ya Wijdan? Pilau?"

"Haya mambo ni ya kitaalamu, shangazi. Tatizo liko kwenye simu zenu."

Akatupa dawa zake. Zima simu, washa. Futa kumbukumbu. Badilisha laini. Tumia simu nyingine. Mafundi wa kompyuta na waganga wa Fukayosi ni kitu kimoja, tofauti yao ni kwamba mganga angalau huja na mizizi yake mwenyewe. Tulizima, tukawasha, tukafuta. Bi Miza alifuta mpaka picha za Maskati.

"Sasa jaribu wewe mwenyewe," Wijdan akaniambia. "Jifanye mwalikwa."

Nikafungua kiungo nikaandika kama ninavyoandika siku zote: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Bi Miza, habari za hapo nyumbani, na bibi anaendeleaje. Inshaallah tutafika, Mungu aijaalie ndoa yenye kheri na baraka.

Nikabonyeza.

Simu ikawa nyekundu tupu. Katikati maneno meupe: UMEZUIWA. MWENENDO WAKO UMETILIWA SHAKA KUWA NI WA ROBOTI.

Bi Miza alisoma begani kwangu. "Kimekuita nani?"

"Roboti."

"Wewe. Roboti mwenye mdomo huu."

"Jaribu na wewe basi, tuone watakuita nani."

Akajaribu kwa simu yake. Bi Miza ni mtu wa watu wa Oman, salamu yake ina vyumba na sebule: alisalimu, akauliza afya, akaombea wazazi wa pande zote mbili, walio hai na waliotangulia, mwisho kabisa ndipo akasema atakuja. Akabonyeza. Nyekundu.

Chini ya ukurasa palikuwa na kitufe: ukiona hili ni kosa, mwandikie mwenye tovuti. Akaandika malalamiko yake, nayo akayaanza kwa salaam kama mtu aliyelelewa. Nyekundu tena.

Hapo damu ikampanda. Akaurudia ukurasa wa mwaliko, akaandika maneno mawili tu: Mna kiburi. Akabonyeza kwa kidole kama anayetoboa jicho.

Simu ikawa kijani. AHSANTE, TUMEPOKEA. KARIBU SANA HARUSINI.

Tukatazamana.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Umethibitisha kuja kwenye harusi ya mwanao."

Wijdan alikuwa ameshaichukua simu yangu. Akaandika "Nakuja". Kijani. Akaandika "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, nakuja". Nyekundu. Akarudia na simu ya mama yake, ikawa vilevile.

"Mama," akasema, "inafukuza wanaosalimu."

Nikaelewa kwa nini Khamis dalali amepita. Mtu huyu tangu nimfahamu hajawahi kumpa mtu hujambo, kwa kuwa akisimama kusalimu atakamatwa. Mlinzi alimwona akaona huyu ndiye muungwana wa Bagamoyo.

Nikampigia tena Najim. Nikamweleza. Upande wa pili nikasikia kipara kinakunwa.

"Aa," akasema. "Hiyo ni kanuni ya maneno yanayojirudia. Roboti huwa wanatuma maneno yaleyale kutoka sehemu nyingi. Mlinzi akiona mwanzo mmoja umekuja mara kadhaa, anafunga, anafuta hata yaliyokwisha ingia."

"Najim, umeshawahi kuona mtu wa pwani anajibu mwaliko bila salaam?"

"Nilidhani wataandika kwa kifupi. Hii ni fomu, shangazi."

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Ubena."

"Ubena hawasalimiani?"

Nikamsikia anabofyabofya kompyuta.

"Haya. Hizo salamu mia mbili alizozizuia ziko wapi? Tusome majina, Bi Miza atulie roho."

"Hazipo. Hazihifadhi, anazifuta palepale. Kwake zile ni takataka."

Bi Miza alisikia, maana simu yangu haina siri, spika yake imekufa ikiwa wazi. Uso uliokuwa umeanza kufunguka ukajifunga.

"Kwa hiyo hatujui," akasema. "Huenda wameandika wakazuiwa. Huenda hizo mia mbili ni roboti kweli. Nani atanithibitishia kwamba kuna mtu mmoja wa mji huu aliyetaka kuja?"

Nilimwambia Najim apande bodaboda aje na hicho cheti chake.

Alifika na miwani myeusi na mkoba wenye mifuko mingi kuliko vitu. Akaamkia, akakaa kwenye jamvi, akafungua kompyuta kwa mtandao wa nyumbani kwangu, akasema, "Dakika tano." Akaandika neno la siri. Likakataa. Akaandika tena. Likakataa.

"Kuna herufi kubwa mahali," akanung'unika.

Mara ya tatu kompyuta ikawa nyekundu. UMEZUIWA.

Wasomaji wangu, mimi nimepata hasara nyingi mwaka huu na furaha chache sana. Hii niliila polepole. Mwenye cheti alikuwa anaulizwa na mlinzi wake mwenyewe kama yeye ni mtu.

"Umeitwa nani, mwanangu?" Bi Miza akamuuliza.

"Si mimi peke yangu," akajibu, sikio limewaka. "Mmejaribu wengi kutoka hapa, kwa mtandao mmoja. Ameifungia nyumba nzima. Kwake nyumba hii yote ni mshambuliaji mmoja."

"Nyumba yangu ina wageni tangu alfajiri, na haijawahi kumshambulia mtu," nikamjibu.

"Yeye hajui wageni, shangazi."

"Nimeona."

Ikambidi aombe intaneti ya simu ya Wijdan, apitie mlango wa uani, yaani kule kwa kampuni inayoihifadhi tovuti. Akakifuata kifuko cha mafaili ya Mlinzi akakibadilisha jina, Mlinzi akiamka asijitambue. Ndiyo namna yao ya kumfukuza askari aliyemfungia nje bwana wake. Akajaribu mwaliko, na salaam kamili nilimsomea mimi neno kwa neno aandike. Kijani.

"Tatizo limekwisha," akatangaza. "Lilikuwa la watumiaji."

Nilikuwa natafuta cha kumrushia, sauti ikatoka mlangoni.

"Kwa hiyo mimi sijazuiwa?"

Alikuwa Samia wa vitumbua, upawa bado mkononi. Alishasikiliza vya kutosha, akavuka.

"Uzuiwe na nani?" Bi Miza akauliza.

"Na wewe." Samia akamtazama usoni. "Mimi niliandika siku ileile kiungo kilipofika. Nikaandika salamu zangu na dua zangu. Nikaletewa wekundu, umezuiwa. Nikasema haya, Bi Miza ametoka Maskati na mizani, anatupima, mimi sikufika kilo."

"Nikuzuie wewe? Mama yako ndiye aliyemkanda Wijdan alipozaliwa."

"Ndiyo nilivyomwambia mama. Akalia."

"Na wengine?"

"Wote. Mtaa mzima umezuiwa. Kwani hukuona tunavyokupita kimya? Tulisema anayejua anatuzuia asitulazimishe kusalimu."

Bi Miza alikaa. Hakuchagua mahali, alikaa tu, juu ya mkoba wa Najim. Mji ulikuwa umenuna kwa kudhani yeye ameukataa, yeye amenuna kwa kudhani mji umemkataa, na katikati amekaa kiprogramu kilichosomea ng'ambo kinafuta salamu za watu kama makombo.

Nami niliyejidai najua kila linalosemwa mjini sikuambiwa, kwa sababu tovuti ni yangu na walidhani mimi ndiye bawabu.

Sikuhitaji kutuma mialiko upya. Samia alitoka na upawa wake, na mtandao wa Samia haujawahi kuvamiwa. Vitumbua havijapoa majirani wakaanza kuingia. Kila mmoja alikuwa anapita tu. Mmoja alikuja kuazima kinu ambacho anacho. Mwingine alisema amesikia huku roboti wanaruhusiwa sasa, akafika kuangalia. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe mwaka juzi, mwaka ambao Bi Miza alikuwa Maskati, aliingia bila maneno, akamshika mkono, akakaa karibu naye. Hapo Bi Miza alilia, na wanawake wakatazama dari kwa heshima.

"Wijdan," akasema akijifuta, "teleka wali mwingine. Ule mdogo wa Bi Shamsia hautoshi."

Tukahamia kwake. Kila nilichokuwa nacho cha kukalia kikavuka ukuta. Nazi zikakunwa na watu watatu kwa mbuzi mmoja, samaki wa kupaka akageuzwa na asiyehusika. Na ninyi mnanijua: nyumba ikijaa mimi hupona maradhi yote. Nikaanza kuwaigiza wote, Khamis dalali alivyo muungwana, Najim alivyoulizwa utu wake. Vicheko vikafika barabarani. Kutoka dirisha la uani bibi akauliza ni nini, Wijdan akamwambia, na bibi, ambaye tangu Ramadhani alikuwa anaongea kwa kunong'ona, akapiga kigelegele. Chembamba, kimekatika katikati, lakini kigelegele. Sebule nzima ikamjibu.

Ndivyo tulivyokuwa, vigelegele, mvuke wa nazi, na nusu ya mtaa juu ya majamvi, bajaji iliposimama nje.

Bi Shamsia alishuka taratibu. Ni mwanamke mrefu, mweupe wa kanzu na shela, asiyeinua sauti, na hao ndio wa kuogopwa. Nilimkimbilia.

"Karibu, Bi Shamsia, shikamoo, umekuja wakati mzuri."

"Marahaba. Naona."

Hakuingia. Alisimama barazani akitazama juu ya mabega yetu, kichwa baada ya kichwa, mpaka kwenye masufuria.

"Sisi wa Mapinga tuliandika wote," akasema. "Kaka yangu, baba yake Adil, ni mtu wa mvi. Hana kawaida na simu. Alivaa miwani akaandika mwenyewe, salamu zake zote, na dua za wazee wetu. Akaambiwa mwenendo wake umetiliwa shaka."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja.

"Nikamwambia haiwezekani, pana kosa, wakwe zetu si watu wa hivyo. Nitakwenda mwenyewe nione." Akavuta shela. "Nimeona. Shughuli imekwisha kuanza. Hawa hawakuzuiwa."

"Bi mkubwa," Najim akajitokeza, "kitaalamu ni kwamba..."

"Wewe nani?"

"Fundi."

"Nyamaza, fundi."

Nikafungua mdomo nimweleze mimi. Na kwa mara ya kwanza maishani maneno yakanikauka, maana nilijisikia ninavyosema: mama, kulikuwa na mlinzi, alikuwa anafukuza wenye adabu na kupitisha wasio nayo, salamu za kaka yako amezifuta, na mlinzi mwenyewe tumembadilisha jina sasa hivi. Mtoto mdogo angenicheka. Samia akasema, "Hata sisi tulizuiwa, wallahi," na huku ana tonge mkononi.

"Nimekuja na neno la kaka yangu," Bi Shamsia akasema. "Ni fupi. Nitalisema hapahapa nirudi na bajaji hii, nimemwambia dereva asizime."

Wijdan alikuwa ameshika nguzo ya mlango, uso umemkauka. Hakuna aliyekuwa hajui neno fupi linalosemwa barazani na mtu aliyeacha bajaji inanguruma.

Bi Miza akapita katikati ya wanawake, mikono bado ina tui. Hakujitetea. Hakutaja mtandao wala roboti. Alisimama mbele yake akampa salaam yake yote, ile yenye vyumba na sebule, akauliza afya ya kaka mtu kwa jina, ya Adil, ya nyumba, akawaombea walio hai na waliotangulia, neno kwa neno, bajaji inanguruma na wali unashika chini.

Bi Shamsia alimngoja mpaka mwisho. Salaam ikitolewa lazima ijibiwe, hata na aliyekuja kuvunja uchumba.

"Wa alaykum salaam," akasema.

"Neno la kaka yako nitalisikia," Bi Miza akamwambia. "Nitalisikia lote, liwe lilivyo. Lakini sitalipokea ukiwa umesimama nje kwangu, na hujaonja kitu tangu Mapinga." Akasogea pembeni, akamwachia mlango. "Karibu ndani, dada. Ingia tule."